Pamba Iliyolala Sikioni

Nyie wajukuu mnaoanza kazi ya zahanati, mkipita hapa kwangu mkanikuta barazani peke yangu midomo inacheza, msidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nataja watoto. Naanza na Athumani wa Bi Mwanaidi, macho. Naenda kwa Yohana wa Mama Agnesi, sikio la kulia. Nakuja kwa Sikudhani wa mzee Mhina, pua. Nyumba yangu ni kimya tangu mzee wangu Gaspa afariki. Wanangu wako Mwanza na Dar, wanapiga simu Jumapili, tena wakipata nafasi. Siku nyingine zote majina ndiyo yanayokuja kunitembelea.

Shule niliishia darasa la nne, shule ya kambi ya mkonge hapa Korogwe. Baba yangu aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, akakaa mpaka akazikwa hukuhuku. Kwa hiyo mwandiko wangu mnivumilie. Huyu binti Tumaini, nesi wenu, ndiye aliyeniletea daftari. Alisema, "Bibi, hayo unayonisimulia yaandike, na wenzangu wayasome." Nikamwambia mengine hayapendezi kuandikwa. Akasema niandike hayohayo.

Kwanza mjue kwamba sikuwa nesi. Nilikuwa mhudumu. Nilifagia, nilichemsha vyombo kwenye jiko la mafuta ya taa, nilikunja bandeji, nilisokota pamba. Zahanati yetu ilikuwa ndogo, upande wa Kwedizinga, kitongoji chake sikitaji. Lakini kijijini ukishavaa koti jeupe umekuwa nesi, hakuna wa kukuuliza cheti. Wakaniita Nesi Kristina. Mimi mtoto wa kambi, nisiye na ukoo pale, ninayeongea Kizigua watu wakacheka, jina hilo nililipenda kuliko mshahara. Kulipenda jina lile ndiko kulikoniponza.

Mganga wetu alikuwa Mzee Yonathani, Msambaa wa upande wa Lutindi, mfupi, wa sauti ya chini. Mtoto akiletwa, yeye hakukaa kwenye kiti. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akamwacha kwanza mtoto achezee kalamu yake. Siku ya kwanza nilipomtengenezea pamba ya sikio alinitazama.

"Kristina, hiyo ni nini?"

"Pamba, mganga."

"Hiyo ni godoro. Hapo mtu analala kabisa. Nisokotee utambi."

Basi akanionyesha. Unachukua pamba safi kidogo, unanawa mikono kwanza, unaisokota iwe nyembamba mbele kama ncha ya mkia wa panya, nyuma unaacha pana ya kushikia. Usiweke njiti, wala kijiti cha kiberiti, wala vile vijiti vya pamba vinavyouzwa dukani siku hizi. Unalivuta sikio la mtoto taratibu, unaingiza utambi, unasubiri. Ukilowa usaha unautoa, unautupa, unasokota mwingine. Unarudia hivyo mpaka utambi utoke mkavu kama ulivyoingia. Kutwa mara tatu, nyumbani mama afanye vilevile, na dawa atakayoandika mganga ifuate, itumike yote mpaka iishe. Mzee Yonathani alikuwa akisema, "Utambi unaingia na unatoka. Haulali ndani." Alilisema hilo kila siku, mpaka nikawa nalisema naye kimoyomoyo kama mtoto anayechoka na sala ya mezani.

Macho nayo tulikuwa nayo kwa wingi, hasa kipindi cha vumbi. Ilikuwa kawaida kukuta mama amepanga watoto watatu, anawafuta macho wote kwa pindo moja la kanga. Aliyeanza na macho ya usaha ni mmoja, jioni wanayo wote watatu na mama wa nne. Mzee Yonathani alikuwa akimwambia mama, "Kila jicho na pamba yake. Maji yachemke, yapoe. Futa kutoka puani kwenda nje, usirudishe." Hata mtoto mmoja mwenye macho mawili, pamba mbili.

Yule Athumani niliyemtaja aliletwa ana siku nne tangu kuzaliwa, kope zimegandana, ukizifungua usaha unaruka. Bibi yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa ameshamkamulia maziwa ya mama machoni siku mbili, kama tulivyofanyiwa sote. Alijieleza kwa fahari kabisa.

Mzee Yonathani akamuuliza, "Bi Mwanamkuu, wewe ukipata njaa, chakula unakiweka jichoni?"

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Hapana, mganga. Nakiweka mdomoni."

"Na huyu mumpe ya kwake mdomoni. Macho yake ni ya sindano, na anaipata sasa hivi. Halafu leo hii anakwenda hospitali, na mama yake aende naye, atibiwe."

Athumani leo ni dereva wa malori. Anaona mpaka senti iliyoanguka mchangani. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye usaha machoni msimwambie mama arudi kesho. Jicho la mtoto wa siku nne halina kesho nyingi.

Pua nayo ina mambo yake. Mafua ya kawaida yanakuja yanaondoka. Yakishapita siku kumi, makamasi mazito, mtoto analalamika uso unauma, kikohozi cha usiku hakikatiki, hapo mpeleke kwa mganga. Jicho likivimba juu ya mafua hayo, usingoje hata chai iive. Lakini kama uchafu unatoka tundu moja tu, na unanuka, hapo chunguza. Sikudhani alinuka tundu la kushoto mwezi mzima. Mama yake alishamfukiza majani, shangazi alisema amerogwa, na kuna jirani walishaacha kusalimiana naye kwa ajili ya tundu hilo. Mzee Yonathani akamulika kwa tochi, akachukua kikoleo, akatoa haragwe. Limeshaota. Nasema kweli, lina hata kimzizi. Mzee Mhina, baba mtu, akalitazama akauliza, "Sasa mganga, nikalipande?" Yule jirani ilibidi apelekewe kuku wa kuombwa radhi.

Ndiyo maana naipenda kazi hii hata sasa nikiwa nje yake. Ila daftari hili sikulifungua kwa mambo ya haragwe.

Kina mama wa pale walikuwa na desturi yao. Mtoto wa sikio akitoka zahanati, walitaka atoke na pamba sikioni, nyeupe, ionekane. Njiani watu wangeiona wakajua katibiwa. Asipokuwa nayo, bibi yake nyumbani angesema, "Mmekwenda kutembea tu." Walikuwa wakinibembeleza mimi maana Mzee Yonathani walimwogopa. "Nesi, hata kidogo tu, ya hapa nje." Na mimi mara moja moja nilikuwa naweka, kidogo, mlangoni mwa sikio, yeye akiwa amegeuka. Waliondoka wamefurahi. Njiani wakipishana na watu walisema, "Nesi Kristina ndiye aliyemtibu." Nilizisikia habari hizo nikiwa nafagia, na ufagio ukawa mwepesi.

Sasa Mwajuma.

Mwajuma alikuwa mtoto wa miaka minne, wa Bi Hadija na Sefu, fundi baiskeli. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu anatambaa, linakauka, linarudi. Alikuwa msikivu hata hivyo. Ukimwita kwa kunong'ona kutoka nyuma aligeuka. Tulikuwa tukimkausha kwa utambi na lilikuwa linaelekea pazuri.

Siku moja Mzee Yonathani alikwenda mjini kufuata dawa, akaniachia funguo na agizo. Vidonda safisha. Homa wape kadi wasubiri. Wa masikio waambie warudi kesho, usiwaguse. Bi Hadija akaja na Mwajuma amevaa gauni jipya la njano. Mdogo wake Bi Hadija alikuwa anaolewa Kwashemshi, gari lao linaondoka mchana ule, na Mwajuma alikuwa amechaguliwa kukaa mkekani na bibi harusi. Usiku wa kuamkia siku ile sikio lilikuwa limefumuka tena.

"Nesi, linanuka," akaniambia kwa sauti ndogo. "Atakaa pale na wakwe wanatazama. Watasema kwetu ni watu wa kuoza."

"Mganga hayupo, Bi Hadija. Kaa mpaka kesho."

"Kesho ndiyo harusi. Nizibie tu. Wewe si ndiye unayewatibu?"

Neno hilo la mwisho lilinimaliza. Nilimkausha mara mbili, ya tatu sikungoja utambi utoke mkavu. Nikakata pamba ya kutosha, nikaikunja, nikaisukuma. Sikuiweka mlangoni, niliipeleka ndani ili isidondoke mtoto akicheza ngoma. Juu nikaweka nyingine nyeupe ya kuonekana. Nikasema, "Msiitoe mpaka mrudi." Mwajuma akauliza, "Nesi, mbona unaongea mbali?" Tukacheka wote watatu.

Mzee Yonathani akarudi kesho yake. Alikuwa na kawaida ya kuniuliza, "Jana walikuja akina nani?" Hakuhitaji daftari, alijua mimi ni daftari. Nilimtajia watu kumi na mmoja, jina la mtu na la mama yake na alichougua. Wa kumi na mbili nilimruka. Yeye akaitikia tu, akaendelea kupanga chupa. Ningemtaja, angempa mtu baiskeli awafuate Kwashemshi siku ileile. Najua angefanya hivyo, nilishamwona akifanya kwa mtoto wa kuharisha. Kuweka pamba lilikuwa kosa la mtu asiyejua vya kutosha. Kulimeza jina nilijua kabisa ninachofanya.

Walirudi siku ya sita. Harusi ilikuwa imenoga na walibembelezwa wakae. Bi Hadija aliingia amembeba Mwajuma mgongoni, mtoto mkubwa vile, kichwa kimelala. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa pamevimba, pekundu, sikio limesukumwa mbele limesimama kama limebandikwa. Homa ilisikika kupitia kanga. Mzee Yonathani alichuchumaa, hakutoa kalamu. Akaichomoa pamba kwa kikoleo. Ilitoka ndefu, nyeusi, na kilichokuwa kimezuiwa nyuma yake kikafuata.

Akauliza bila kumtazama mtu, "Nani aliweka hii?"

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Bi Hadija akawahi.

"Nyumbani, mganga. Tuliweka nyumbani."

"Kwa nini?"

"Ujinga tu."

Akamkaripia. Mtu wa sauti ya chini akikaripia inauma kuliko wa kelele. Alimwambia yote ambayo yalikuwa ya kwangu, moja baada ya lingine, na Bi Hadija akayapokea ameinamisha kichwa. Mimi nikashika bakuli.

Lori la mahindi liliwapeleka hospitali. Mwajuma alipasuliwa nyuma ya sikio, akakaa wiki nyingi, akapona. Roho ilibaki. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Mpaka leo sijui Bi Hadija alinisitiri kwa nini. Labda alijiona naye ana sehemu yake, kwa kuwa aliniomba. Labda alihesabu kwamba zahanati ina watu wawili tu, na akimfukuzisha mmoja nani atamshikia bakuli mwenzake. Sikumuuliza. Aliendelea kuleta watoto wake, lakini alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Yonathani. Mimi aliniambia "Habari za asubuhi, nesi," nikamjibu, ikaishia hapo. Miaka kumi na moja ya habari za asubuhi. Pamba ya kuonekana sikumwekea mtoto mwingine yeyote, wakasema nesi siku hizi ana roho mbaya. Jioni hawakupita tena kwangu kuomba chumvi na kukaa kidogo, maana nilikuwa nimejifunza kujibu kwa kifupi. Mtu aliyeficha jambo hapendi wageni wanaokaa. Gaspa alikuwa akiniuliza, "Mama Beatusi, umenuniwa na nani?" Namwambia nimechoka na kazi. Naye amekufa hajui. Mzee Yonathani alistaafu, akarudi kwao milimani, na taarifa ya kufariki kwake niliipata ameshazikwa. Hajui.

Mwaka huu Mama Agnesi alinipigia simu kutoka Kwedizinga. Katikati ya habari za mvua akasema, "Yule Hadija wa fundi baiskeli naye ametutoka, mwezi wa pili huu. Mwanawe, yule Mwajuma, yuko huko kwenu Korogwe, anauza nyanya sokoni." Nikashika simu hata baada ya kukatika. Nilipiga hesabu ya wanaoijua pamba ile. Nikabaki mimi.

Nilikwenda sokoni siku nne tofauti. Siku ya kwanza nilimwona kwa mbali nikanunua dagaa nikarudi. Sura ni ya mama yake. Akimsikiliza mteja anageuza shingo, anamletea sikio la kulia, kama kuku anayetazama juu. Siku ya pili na ya tatu vilevile, nikawa na dagaa wa kula mwezi mzima. Siku ya nne nilijikaza nikafika. Nitasema ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza. Nilisimama upande wake wa kushoto, nikaita "Mwajuma," kwa sauti ya kawaida, nikijua. Nilitaka niweze kujiambia kwamba nilimwita hakuitika.

Alikuwepo mtoto wake wa kike, Shani, kama miaka mitano, amekaa juu ya tenga. Akamvuta mama yake mtandio. "Mama, bibi huyu anakuita."

Mwajuma akageuka, akatabasamu. "Shikamoo bibi. Karibu nyanya. Pitia upande huu, hilo sikio ni pambo tu. Nilizaliwa nalo hivyo."

"Nani alikwambia ulizaliwa nalo?"

"Mama." Akaanza kunichagulia nyanya ngumu. "Unamfahamu mama?"

Mtandio ulikuwa umeteleza, na nyuma ya sikio nikaliona kovu, limepauka, refu kama punje mbili za mchele. Nikazunguka nikaenda upande wa kulia.

"Hukuzaliwa hivyo, Mwajuma. Ulikuwa unasikia. Ulikuwa ukiitwa kwa kunong'ona unageuka. Mimi ni Kristina wa zahanati. Niliweka pamba nikaiacha ndani, kwenda harusi ya mama yako mdogo. Ulikuwa na gauni la njano. Mama yako alisema ameiweka yeye."

Akaja mteja akataka kitunguu, akamhudumia, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena. Halafu akaniuliza, "Alisema hivyo mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Na wewe?"

"Nilinyamaza."

Alinifungia nyanya zangu kwenye mfuko. Wauzaji wa hapa huongeza moja juu, hata kwa mgeni. Hakuongeza, wala sikungoja. Nikasema, "Samahani, mwanangu," akasema, "Haya bibi," bila kuinua uso, nami nikaondoka.

Wajukuu zangu, mtakosea. Hakuna mhudumu asiyekosea, na mtoto wa sikio mkimkosea asubuhi mnaweza kumwahi jioni, ila mkiulizwa waliokuja jana mtaje wote.

Nilipofika kwenye duka la kona niligeuka. Shani alikuwa amesimama juu ya tenga anamsimulia mama yake jambo, mikono inapaa. Mwajuma alikuwa amemwinamia kwa sikio la kushoto. Lile la kulia, lile zima, alikuwa ameliziba kwa kidole, ametulia tuli, anasikiliza.